Nyumba Inayofagiwa Kwenda Ndani

Mzee Muhidini alikuwa mtu wa kushuku, na usiharakishe kumlaumu, kwa sababu kushuku ndiko kulikomlisha maisha yake yote. Mtu aliyenunua dhahabu mikononi mwa wachimbaji kwa miaka zaidi ya thelathini, akafika uzeeni bado ana paa la kulala chini yake, ujue huyo hakumwamini mtu. Wachimbaji nao ni binadamu. Yupo atakayekuletea unga wa shaba umechanganywa na dhahabu kidogo, akuapie kwa Mungu na kwa marehemu mama yake, na huyo mama unamjua, yu hai, anauza dagaa soko la Katoro. Yupo atakayekuletea punje imebaki na zebaki ndani makusudi, ili uzito ulalie upande wake. Muhidini aliwajua wote. Kila punje aliichoma upya kwa mkono wake, kisha akaipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza aliyokuja nayo kutoka Tabora enzi za rasha, watu walipoikimbilia dhahabu. Mkono wake ulikuwa umetulia hata ukaingia kwenye maneno ya watu. Jambo lisilo na wasiwasi, wachimbaji walisema limetulia kama mkono wa Muhidini.

Nyumba yake iko kwenye kitongoji kimoja nje kidogo ya Katoro, upande wa kwenda Geita. Kwa mbele ni nyumba kama nyumba nyingine, sakafu ya saruji, pazia la maua mlangoni. Kwa nyuma kuna chumba kimoja cha udongo mtupu, chenye kidirisha cha kupitisha paka mwembamba. Humo ndimo alimonunulia na kuchomea. Sakafu hakuisakafia kwa hila yake, maana kila punje inayopimwa huacha kitu, tena hakionekani, na kikidondoka kwenye saruji kinafuata ufagio, kikidondoka kwenye udongo kinabaki nyumbani. Ndiyo maana nyumba ya mnunuzi haifagiwi kwenda nje kama za watu wengine. Inafagiwa kwenda ndani, kutoka mlangoni mpaka kona ya mwisho, na vumbi la kona linazolewa, linatiwa kwenye viroba, linafungwa. Hiyo ndiyo akiba ya uzeeni. Mke wake, Mwanne, alifagia hivyo tangu alipoolewa, ameinama, uso karibu na vumbi.

Mwanne huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Salmini kwa jina la mtoto wao wa pekee aliyekwenda kuchimba Chunya na anayepiga simu akikumbuka, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Zamani aliwahi kulalamika. Alisema mumewe akishachoma, yeye anabaki na ladha ya sarafu mdomoni mpaka kesho yake. Akasema tena kuku wanaolala nyuma ya kile chumba hawafiki Krismasi wala Idi. Aliomba kitobolewe dirisha la maana. Muhidini alimtazama, na unajua alifikiri nini? Alifikiri mke wangu anataka dirisha la kupitishia dhahabu kwa ndugu zake. Hakusema, ila dirisha hakutoboa. Mwanne naye hakurudia, akaendelea kufagia.

Serikali ilipofungua masoko ya madini na kununua dhahabu uchochoroni kukawa kosa la kumpeleka mtu ndani, Muhidini alifunga kazi. Haukupita muda Mwanne akaanza kutetemeka. Ilianza na uzi kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Ikaja chai kumwagika kwenye kisahani. Kisha maneno, yale maneno yake mengi, yakaanza kutoka mazito na kugongana mdomoni, na usiku akawa halali, mchana anakasirikia kijiko. Mwishowe hakuweza kwenda chooni peke yake. Muhidini akahamishia kitanda chake kwenye kile chumba cha nyuma, kwa kuwa mlango wake unafungukia uani karibu na bafu. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Ya pili hakumwambia yeyote: viroba vya vumbi alivisukumia chini ya kitanda kile, maana hakuna mwizi wa kupekua chini ya mgonjwa.

Akamlea. Hapo lazima tumpe haki yake. Mzee mwenye heshima zake, hajawahi kuosha hata kikombe, akajifunza kupika uji usio na mabonge, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kufua mashuka kabla jua halijawa kali. Alijifunza hata kusuka. Alimsuka mkewe mabutu mawili yaliyopishana, moja likitazama Geita, lingine Biharamulo, na Mwanne akijiona kwenye kioo anacheka kwa pembeni ya mdomo. Mgongo ulimuuma Muhidini mpaka alikuwa anaswali amekaa. Alimpenda mke wake, hilo halina mjadala, na kitu alichokuwa anakiogopa ni kimoja tu, kubaki kwenye nyumba ile bila yeye.

Lakini hakutaka msaada. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Apolonia, mama wa Kizinza mwenye mikono miwili ya kazi, alileta bakuli la samaki. Kesho yake Mwanne akatapika. Basi, bakuli lilirudishwa limeoshwa, na Apolonia akaambiwa asisumbuke tena. Watu walisema mgonjwa karogwa. Muhidini hakupinga, alichokuwa anatafuta ni nani. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa anajiambia, na kila aliyepita mbele ya mlango alimtazama kama punje ya kutia moto.

Ndipo likaja tangazo la ofisi ya kata, kwamba wazee wanaolea wagonjwa majumbani wakajiandikishe wapate wa kuwasaidia. Muhidini alisikia kipaza sauti kikipita juu ya bodaboda, akacheka peke yake. Yaani serikali iliyomfungia kazi leo imeukumbuka mgongo wake? Hakwenda. Mwenyekiti wa kitongoji akapeleka jina lake bila kumuuliza, na wiki iliyofuata msichana akasimama uani, begi begani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akabisha hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Aliitwa Dorah, Msukuma wa Shinyanga, mnene wa wastani, mtu wa kucheka kwanza na kueleza baadaye. Alimwamkia mzee shikamoo huku amekunja magoti, akaitikiwa marahaba ya kubania. Akaeleza kuwa atakuja siku mbili kila wiki, asubuhi hadi mchana, amwoshe mama, amlishe, afue, na muda huo mzee apumzike au aende msikitini au sokoni au alale tu. Muhidini akamuuliza analipwa na nani. Akajibiwa, na halmashauri. Na halmashauri inapata nini? Dorah akacheka, akaona mzee hacheki, akaweka begi chini.

"Msaada huu si wa mama, baba," akamwambia. "Mama ni mgonjwa, ana hospitali yake. Huu ni wako wewe."

Wangu? Muhidini akajiuliza. Mimi naumwa nini? Neno hilo lilimkaa vibaya. Katika kazi yake, mtu akikwambia hii bei nimekufanyia wewe tu, unashika mfuko wako wa shati.

Akamwachia aingie, ila alimtega. Alisawazisha sukari ndani ya kopo akachora mstari juu yake kwa ncha ya kisu. Alifunga uzi mweusi kwenye kitasa cha kabati. Na juu ya rafu ya chumba cha nyuma akaweka kipande cha shaba alichokipaka mafuta kikang'aa, kile ambacho mgeni yeyote wa mgodini angekiona akasahau dini yake. Akaaga kwamba anakwenda sokoni, akajibanza nyuma ya ukuta wa choo. Aliporudi, mstari wa sukari ulikuwepo, uzi ulikuwepo, na Dorah akampa kile kipande mkononi, akamwambia shaba yake ilianguka wakati anafuta vumbi.

Mtu mwingine angetulia hapo. Muhidini ndiyo kwanza akaamka. Shaba! Kwa nini asidhani ni dhahabu? Msichana wa pamba na reli, wa Shinyanga, amejuaje kutofautisha? Anayeijua shaba kwa kuitazama tu anaijua na dhahabu, na anayeijua dhahabu hakuja hapa kwa ajili ya kuosha vikongwe. Akalala na hilo siku kadhaa.

Na huku, ukweli usemwe, nyumba ilikuwa imebadilika. Dorah akiingia tu anatoa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka mayu," na Mwanne, aliyejifunza Kisukuma cha sokoni miaka mingi iliyopita, anaijibu kwa shida, herufi moja moja, uso umechanua. Siku moja Muhidini akiwa uani alisikia kicheko. Kilikuwa kile cha zamani, kile cha nyumba ya tatu, kimepasuka katikati lakini ndicho. Alisimama na ndoo mkononi. Alifurahi, na papo hapo wivu ukamkaba, kwa nini kicheko hicho kimtokee mgeni? Mabutu nayo siku hizi yalikuwa sawasawa, yote mawili yanatazama upande mmoja.

Ijumaa moja alitoka msikitini kabla watu hawajamaliza kupeana mikono, miguu ikamrudisha nyumbani. Akaukuta mlango wa chumba cha nyuma wazi kabisa, Mwanne amekalishwa kwenye kiti nje kivulini, na Dorah ndani amepiga magoti kando ya kitanda, leso imefungwa puani, kiroba kimoja amekivuta nusu kutoka chini ya kitanda, anachota vumbi lake kwa kijiko anatia kwenye kifuko cha nailoni.

Damu ilimpanda Muhidini mpaka masikioni. Lakini mnunuzi hapigi kelele, anasubiri muuzaji aseme. Akasimama mlangoni. Dorah aligeuka, wala hakushtuka kama mwizi, jambo lililomuudhi mzee zaidi. Alimuuliza kama humu ndimo walimokuwa wanachomea. Dorah akasimama, akajifuta magoti.

"Baba, mama hajarogwa," akasema. "Kinachomtetemesha ni zebaki, dalili zake tumefundishwa, na hili vumbi nilikuwa nachukua kidogo likapimwe. Hata akilala anaivuta. Imo kwenye hii sakafu, na hivi viroba ndivyo vibaya kabisa. Viondoke, na huu udongo uchimbwe wote, ukafukiwe mbali."

"Viondoke, vibebwe na nani?"

"Na sisi. Ofisi italeta watu."

Haya, sasa umefika ulikokuwa unakwenda, Muhidini akajisemea moyoni. Maneno yote ya Dorah kuhusu pumzi na fizi na mikono aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa usingizini. Alilolisikia vizuri ni moja tu, kwamba ofisi italeta watu kubeba viroba. Miaka thelathini ya kufagia kwenda ndani, na serikali imetuma msichana wa kucheka aje afagie kwenda nje. Alimnyang'anya kifuko, akamwonyesha njia, na alimwonyesha kwa kidole, kama anayemfukuza mbuzi. Dorah alijaribu kusihi kwamba basi mama ahamishiwe chumba cha mbele, na humu pasifagiwe pakavu, na mlango ushinde wazi. Muhidini alimwambia asirudi. Mwanne, pale kwenye kiti, alinyanyua mkono unaotetemeka, haikujulikana anamuaga mgeni au anamzuia mume.

Jioni hiyohiyo akaja Mwigulu. Huyu zamani alikuwa broka pamoja na Muhidini, sasa ananunua marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao wenye dawa kali huufanyia kazi upya. Harufu ya mchanga wenye kitu aliisikia akiwa kilomita kumi. Alikuja na kilo ya sukari na pole nyingi. Muhidini akamweleza ya Dorah, na Mwigulu akapiga paja. Si ndicho walichomfanyia mnunuzi mmoja kule kwenye rasha ya zamani, wakamwambia nyumba yako ina sumu, wakabeba sakafu, wakaiosha, na sasa aliyebeba anatembelea Fuso yake mwenyewe? Dawa yake, akasema Mwigulu kwa upole mwingi, ni mzee ampe yeye vile viroba, avipeleke kwa watu wake, kisha wagawane kindugu. Muhidini alimshukuru sana, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alifunga mlango kwa makomeo mawili, kwa sababu sasa wezi walikuwa wawili.

Siku zikaenda. Mwanne alishuka kama jua la saa kumi na moja. Uji aliukataa. Siku za Dorah zilipofika aligeuza uso mlangoni tangu asubuhi, akisikia hatua za mtu njiani anajaribu kujiinua. Alimuuliza mumewe mara nyingi, kwa yale maneno yake mazito, yuko wapi mtoto. Muhidini akajibu kuwa kahamishwa. Hilo la kumdanganya mkewe lilimchoma, lakini lilimchoma kidogo kuliko wazo la viroba. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka hata akasinzia ameshika mwiko, sufuria ikaungua. Vitu vilikuwa vinamponyoka, kikombe leo, kesho kifuniko. Akakilaumu kikombe na mafuta ya mikononi.

Akakata shauri. Kwa kuwa kila mtu anautaka mchanga ule, ataitoa dhahabu yake yeye mwenyewe, na dhahabu hiyo ndiyo itakayompeleka Mwanne kwa madaktari wakubwa. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, naomba lisisahaulike. Asubuhi akatundika mashuka yote ya nyumba kwenye kamba ya uani yakawa ukuta, na nyuma ya mashuka hayo akakaa na karai na maji, akaosha kiroba baada ya kiroba, akaliyumbisha karai kama zamani, mchanga mwepesi unatoka, mzito unabaki. Apolonia alimwona mzee kwa mbali katikati ya mashuka mengi namna ile, akamhurumia, akauliza kama amsaidie kufua. Muhidini akamjibu kwamba ameshazoea.

Kile kizito kilichobaki alikichanganya na zebaki ya kichupa alichokuwa amekificha darini, akakikamua kwa kitambaa, kikabaki kidonge cha rangi ya fedha, ukubwa wa punje ya kunde. Alikitazama. Sasa kilibaki kukichoma moto, zebaki ipae, dhahabu ibaki. Lakini akachomee wapi? Uani kuna pua za watu, na pua ya Mwigulu inatosha watu wote. Mbele, mlango unatazama barabara. Palibaki chumba kile, na ndani ya chumba kile, juu ya kitanda, alikuwepo Mwanne. Amtoe nje? Akikaa nje peke yake mchana huu majirani watakuja kumsalimia, watauliza mzee yuko wapi. Akamwacha kitandani. Akaziba kidirisha kwa tambara, akafunga mlango, akawasha jiko la mkaa.

Moshi wa zebaki hauonekani sana, na hiyo ndiyo hila yake. Mwanne aliujua kabla hajauona. Alianza kukohoa, akageukia ukutani.

"Moshi," akasema.

Muhidini akamwambia avumilie kidogo, ni mara ya mwisho. Alipulizia mkaa. Rangi ya fedha ikaondoka, ikaja kijivu, ikaja njano, na moyo wa mzee ukadunda kama wa kijana wa rasha. Akaidondosha punje kwenye kisahani ikapoe. Akachukua mizani yake kutoka kwenye kibweta, akaishika kwa vidole viwili kama alivyoishika maisha yake yote, akaweka punje upande mmoja na kijiwe cha uzito upande wa pili.

Mizani haikutulia. Visahani vilipanda na kushuka, vikagongana, vikalia vidogo vidogo. Akasubiri. Havikutulia. Muhidini akakunja uso. Wameichezea, akajisemea. Nani? Yule msichana, siku ile anafuta vumbi. Au Mwigulu, alipokuja na sukari yake. Wamelegeza mhimili, wamemharibia kitu pekee duniani ambacho hakijawahi kumdanganya. Akakagua mhimili, kamba, ndoano, hakuona kasoro. Basi ukutani kulikuwa na msumari wa kutundikia kanzu. Akaining'iniza mizani pale, akaachia, akarudi nyuma hatua moja aione hila yake.

Mizani ikatulia tuli.

Alisimama akiitazama. Haikuwa na kosa lolote. Akanyanyua mkono wake wa kulia mbele ya macho, ule mkono uliotungiwa maneno, akaunyoosha. Ulikuwa unatetemeka kama wa Mwanne. Haukuanza leo, sasa alikumbuka kikombe, na kifuniko, na ule mwiko. Nyuma yake Mwanne alikohoa tena, kikohozi kikawa kirefu, kikakosa pumzi katikati, na Muhidini akaogopa woga ambao hajawahi kuujua, maana mtu aliyekuwa anamtafuta kwa miaka yote hiyo, yule aliyemdhuru mke wake, alikuwa amemwona.

Aliubamiza mlango ukafunguka. Alijaribu kumbeba mkewe, mgongo ukakataa. Akavuta godoro lenyewe na Mwanne juu yake mpaka kizingitini, hapo likakwama, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule akaita jina la jirani. Apolonia alifika akiwa na unga mikononi. Hakuuliza kitu. Alishika upande wa miguu, wakamtoa Mwanne kwenye upepo, na yeye ndiye aliyesimamisha bajaji ya kuwapeleka kituo cha afya.

Mwanne hakufa. Alilazwa, akawekewa hewa, pumzi ikamrudia taratibu. Mganga wa kituo alimuuliza Muhidini palichomwa nini ndani na mgonjwa yumo, na mzee, aliyezoea kuuliza maswali, safari hii akajibu. Alipotoka hapo alikwenda kwa miguu yake mwenyewe hadi ofisi ya kata. Alimkuta Dorah anakula muhogo. Alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakamtoka kichwani, akasema tu kwamba viroba viko palepale, na waje.

Mwanne alipokwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, walikuja vijana wenye barakoa na majembe, wakachimba sakafu hadi kwenye udongo mwekundu. Usidhani Muhidini alikuwa amegeuka malaika. Alikaa uani kwenye mkeka karibu na Mwanne, akafuata kila toroli kwa jicho, akamuuliza Dorah shimo la kufukia liko wapi, akauliza tena, akataka kujua nani atalilinda. Dorah akamjibu kila mara bila kuchoka. Punje ilikuwa bado kwenye mizani, juu ya msumari, hakuna aliyeigusa. Baadaye iliuzwa kwenye soko halali la madini, na akiba ile ya miaka thelathini, iliyotajiwa Fuso, ikatosha saruji ya chumba kimoja na dirisha moja pana. Dirisha alilichagua Mwanne.

Vijana walipomaliza, Dorah akaja akaketi mkekani mbele yao. Akashika mikono ya Mwanne, akaitazama vidole na kucha kama alivyofanya kila alipokuja. Kisha akamgeukia mzee, akanyoosha kiganja chake, akangoja.

Muhidini alikuwa ameitia mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya kanzu. Maisha yake yote watu ndio waliomletea vitu vyao avipime, yeye hakuwahi kupimwa na mtu. Akatazama barabara. Akasema yeye hana neno, ni uchovu tu, binti amshughulikie mama kwanza.

Mwanne akamgusa gotini. Alihangaika na neno mdomoni mpaka likatoka.

"Mpe," akasema.

Mzee Muhidini akautoa mkono wake mfukoni, ukitetemeka mbele ya watu, akamwachia Dorah aushike.